Kima wa Lomami atufundishe kutunza ushahidi wetu

Wawindaji wa msitu wa Lomami walimjua kima huyu tangu zamani. Walimwita lesula. Walijua sauti yake ya alfajiri na walijua anapenda kutembea chini kuliko kuruka juu ya miti. Lakini kwa sayansi, lesula hakuwako hadi mwaka 2012, alipoandikwa rasmi kwa jina la Cercopithecus lomamiensis. Kati ya kujulikana kijijini na kuandikwa kitabuni kuna kazi kubwa, na kazi hiyo nchi yetu imezoea kuwaachia wengine.

Tukumbuke ilivyokuwa. Mwaka 2007, watafiti waliokuwa wakichunguza misitu iliyo kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba walifika Opala, katika jimbo ambalo leo ni Tshopo. Kwa direkta wa shule ya msingi walikuta kima jike mdogo aliyefungwa kamba. Uso wake haukufanana na wa kima yeyote waliyemjua. Hata hivyo, ilipita miaka mitano kabla ya kutamka kwamba ni aina mpya.

Kwa nini muda mrefu hivyo? Kwa sababu mnyama mmoja hatoshi. Rangi ya manyoya inaweza kubadilika kwa umri, kwa ugonjwa au kwa kuzaliwa tofauti na wenzake. Ilibidi kupata ngozi na mafuvu ya wanyama kadhaa, kupima meno na mifupa, kurekodi sauti na kuchunguza damu ya ukoo, yaani jeni. Kisha vyote vikalinganishwa na vya ndugu yake wa karibu, kima mwenye uso wa bundi, anayeishi mashariki ya Lualaba. Yule ana uso mweusi. Lesula ana uso wa rangi hafifu usio na manyoya, na nywele za dhahabu kuuzunguka. Mafuvu yalitofautiana, na jeni pia. Mito mikubwa ilikuwa imewatenga kwa muda mrefu sana.

Wanaoona uangalifu huu ni kupoteza wakati wasome historia ya wanyama wetu wenyewe. Okapi alipewa jina London mwaka 1901 kutokana na vipande vya ngozi tu, na akawekwa katika jamii ya farasi na punda milia. Mwaka huohuo mafuvu na ngozi nzima vilifika, na ikaonekana kwamba ni ndugu wa twiga. Tausi wa Kongo naye alikaa miaka katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akiwa na karatasi inayosema ni tausi wa kutoka Asia. Ni mwaka 1936 tu James Chapin alipomtambua, kwa kukumbuka unyoya aliokuwa ameupata Ituri mwaka 1913. Kosa la karatasi moja lilimficha ndege mzima.

Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Sheria yetu ya mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira inalinda wanyama kwa kuwataja, na mnyama asiye na jina hawezi kuwekwa kwenye orodha yoyote. Lesula alipoandikwa mwaka 2012, msitu wake ulipata sababu moja zaidi ya kulindwa, na mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaundwa, kati ya Tshopo na Maniema. Aina nyingine zinaweza kumalizwa na mitego na mashoka kabla hata hazijapimwa.

Lakini ushahidi wenyewe uko wapi? Bonobo, anayeishi DRC peke yake, alielezwa mwaka 1929 kutokana na mabaki yaliyokuwa Tervuren. Lesula aliyechaguliwa kuwa kielelezo cha aina yake yote yuko katika jumba la Peabody la Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Hatuwalaumu waliovitunza, bila wao, huenda mengi yangeoza. Lakini mwanafunzi wa Kisangani anayetaka kulinganisha fuvu aliloliokota Opala na lile la kielelezo atahitaji visa na tiketi ya ndege ili aone mnyama wa kwao.

Msingi tunao. Yangambi kuna hazina ya mimea iliyokaushwa, zaidi ya laki moja, na Kisangani kuna kituo cha kuchunguza viumbe hai. Vinavyokosekana ni umeme wa kudumu, pombe ya kuhifadhia, makabati yasiyoingia mchwa na mishahara ya vijana watakaotumia maisha yao kuhesabu meno ya panya na magamba ya samaki.

Serikali iweke fungu la kazi hii katika bajeti ya utafiti. Kila ruhusa ya kukusanya viumbe iwe na sharti: sehemu ya sampuli ibaki nchini, na Mkongomani afundishwe kuieleza. Na mwindaji anayesema kwamba huyu si yule, asikilizwe na neno lake liandikwe. Lesula alianza kujulikana hivyo.