Seva ni yenu, lakini disiki iko kwa nani?

Vijana wa Migori na Homa Bay, kuanzia Isebania mpaka Kendu Bay na Mbita.

Siku hizi vijana wakikaa pamoja dakika kumi, lazima mmoja aseme: "Tutoke huko Facebook na X, tuwe na mtandao wetu." Naunga mkono. Lakini nina neno kabla hamjachanga pesa. Kuwasha seva ni kazi ya jioni moja, na kijana yeyote mwenye subira ataiweza. Kazi yenyewe ni kuamua seva itakumbuka nini kuhusu watu wenu, na hiyo kumbukumbu italala kwa nani.

Na hatuongei mambo ya mbali. Tarehe 7 Juni 2025 polisi walimchukua Albert Ojwang, mwalimu na bloga, nyumbani kwao kaunti ya Homa Bay, kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa X kuhusu mkubwa mmoja wa polisi. Wakasafiri naye mpaka Nairobi. Kesho yake alikuwa maiti. Kwanza tukaambiwa aligonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Uchunguzi wa maiti ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyobanwa na dalili za kupigwa. Wachunguzi walipoenda kutafuta picha za kamera za kituo, wakakuta mitambo imevurugwa. Kuna walioshtakiwa kwa mauaji, wakiwemo maafisa wa polisi, nao wamekana. Hilo tuiachie korti. Wewe shika hili moja: kuna usiku mzima uliokuwa ndani ya disiki, na mtu aliweza kuifikia hiyo disiki. Sasa unataka kuweka disiki yako mwenyewe, yenye maneno ya watu mia. Fikiria hivyo kwanza.

Kwa asiyejua hii maneno ya seva zilizoungana, ni rahisi. Ukiwa Isebania na laini ya Safaricom unampigia ndugu yako Sirari mwenye laini ya Vodacom, na simu inaita. Kampuni mbili, nchi mbili, na mnaongea. Facebook na X hazifanyi hivyo. Ukitoka, unaacha watu wako ndani. Seva hizi zinafanya. Vijana wa Migori wanakuwa na seva yao, wa Mbita yao, na mtu wa huku anamfuata wa kule kana kwamba wako nyumba moja. Lugha ambayo seva hizo zinaongea inaitwa ActivityPub, na W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, liliipitisha Januari 2018. Programu inayojulikana zaidi ni Mastodon, iliyoanza 2016. Ziko ndogo zaidi kama GoToSocial. Kwa kikundi cha watu thelathini au hamsini mimi ningechukua hiyo ndogo, kwa sababu inatosheka na seva ya kukodi yenye RAM ya giga moja. Mastodon inataka giga mbili kwenda juu, na haiji peke yake: inakuja na PostgreSQL, Redis na Sidekiq, kila mmoja na njaa yake.

Mbona ujisumbue basi? Sababu moja ni lugha. Machi 2024 Bodi ya Usimamizi ya Meta yenyewe ilisema kwamba neno la Kiarabu "shaheed" huenda ndilo lililofanya posti nyingi ziondolewe kuliko neno lingine lolote kwenye majukwaa ya kampuni hiyo, na ikashauri marufuku ya jumla ikome. Sasa angalia kwetu. Shahidi ni yule anayesimama kortini kueleza alichoona. Shahidi pia ni aliyekufa akidhulumiwa. Mashine itajuaje ni yupi? Seva yenu itasimamiwa na mtu anayejua Dholuo, Kikuria, Kisuba na Kiswahili cha stendi, mtu anayejua neno fulani kwa jirani ni matusi na kwa mwingine ni mzaha. Kisiwani Mfangano vijana walianzisha EK-FM, redio ya jamii inayotangaza kwa Kisuba, lugha ambayo Dholuo ilikuwa inaimeza. Hakuna kampuni ya California ingeamka asubuhi ikafikiria Kisuba.

Sababu ya pili iko ng'ambo ya mpaka tu. Mei 2025 X ilifungwa Tanzania. Jina moja likifungwa, kila aliye ndani amefungiwa nje, na aliye Sirari akabaki kuhangaika na VPN. Maelfu ya seva zenye majina tofauti si rahisi kuzifunga kwa mpigo. Lakini tusidanganyane. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi huko huko, intaneti yenyewe ilikatwa kwa siku kadhaa, na hapo Mastodon na Facebook ni kitu kimoja: skrini tupu. Sisi pia tulionja kidogo 25 Juni 2024. Atakayekuuzia seva kama dawa ya intaneti kuzimwa, mwambie asante, pita.

Haya, tuingie kwenye mipangilio.

Jina ndilo la kwanza, na hapa hakuna kurudi nyuma. Kwenye Mastodon linaandikwa kama LOCAL_DOMAIN, kwenye GoToSocial ni host. Mkishaanza kuongea na seva nyingine, jina hilo halibadiliki tena, kwa sababu wengine wote wanawajua kwa hilo. Msiokote jina la bure la nchi msiyoijua. Mwaka 2023 Mali iliporudisha mikononi mwake usimamizi wa majina ya .ml, ambayo yalikuwa yakigawiwa bure, kuna seva za mtandao huu ziliamka hazina jina. Jina la .ke liko chini ya KeNIC, hapa nyumbani. Lina pande mbili: mkidhulumiwa mna korti ya kukimbilia, na amri ikitolewa dhidi yenu haina safari ndefu. Mimi bado ningechukua la .ke, kwa sababu ugomvi wa nyumbani ninaweza kuufuata kwa matatu.

Kuhusu mahali pa kuiweka, najua mna kompyuta ya zamani pale cyber mnayoitazama kwa jicho la huruma. Iacheni. Laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani ya IP yako mwenyewe. Mnagawana moja watu wengi, na seva za nje hazitaifikia mashine yenu bila ujanja wa ziada. Halafu stima. Mnakumbuka 25 Agosti 2023, nchi nzima giza. Seva nyingine hujaribu kuwatumia posti tena na tena, lakini hazitangoja milele. Kodini seva ndogo, dola 5 hadi 10 kwa mwezi, watu ishirini wakichanga hakuna anayeumia. Iwe Ulaya au Nairobi? Ikiwa Ulaya, nyaya za baharini zikikatika kama Mei 2024, mtaisubiri. Ikiwa Nairobi, itafunguka haraka ukiwa Awendo, lakini kwa kawaida bei inapanda. Hapo chagueni kwa mfuko wenu.

Mlango wa kujiandikisha ufungeni. GoToSocial inaita accounts-registration-open, iandikwe false. Mtu aingie kwa kualikwa na mtu anayejulikana. Si kiburi. Seva iliyo wazi na msimamizi mmoja aliyelala hujazwa matangazo ya ulaghai kwa usiku mmoja, na seva zingine zikiona hivyo zinawazuia ninyi nyote. Ila kufunga mlango wa kujiandikisha si kufunga dirisha la kuongea na wengine. Kuna mpangilio wa kuongea na seva mlizoorodhesha tu, na sioni haja yake kwenu. Ukifunga hivyo umejenga grupu la WhatsApp lenye gharama.

Sasa kumbukumbu. Hapa kaa kidogo.

Mei 2023 huko Marekani, maafisa wa FBI walivamia nyumba ya msimamizi mmoja wa Kolektiva, seva ya Mastodon ya wanaharakati. Kesi yake haikuhusu seva. Lakini siku hiyo alikuwa anashughulikia tatizo la kiufundi, na kwenye vifaa vyake kulikuwa na nakala ya hifadhidata nzima, haijafungwa kwa nenosiri. Ikabebwa pamoja na vitu vingine. Ndani yake mlikuwa na anwani za barua pepe, posti zikiwemo za faragha, na anwani za IP. Watu ambao hawakuhusika na chochote, faragha yao ikaondoka kwenye gari la polisi kwa sababu ya nakala moja iliyoachwa wazi nyumbani kwa mtu mmoja.

Hilo laweza kutokea Rongo. Laweza kutokea Oyugis. Na si lazima polisi. Mwizi wa laptopu anatosha.

Kwa hiyo kanuni ni kwamba usichoweka hakiwezi kuchukuliwa. Mastodon ikiachwa ilivyo huhifadhi anwani za IP za wanaoingia kwa mwaka mzima. Mwaka! Wa nini kwa kikundi cha vijana hamsini? Kwenye faili ya .env.production kuna IP_RETENTION_PERIOD, inayohesabiwa kwa sekunde. Andika 604800, ambayo ni siku saba. Inatosha kumnasa mtukutu na kumzuia. Usisahau Nginx iliyo mbele yake, ambayo ina daftari lake la pembeni na inaandika IP za kila anayepita. Wengi hubadilisha la kwanza wakasahau la pili, kisha wanajisifu wako salama. Nakala rudufu zifungwe kwa nenosiri kabla hazijaondoka kwenye seva, zisikae kwenye flashi ya mtu, na za zamani zifutwe.

Na waambieni watu wenu ukweli kuhusu ujumbe wa faragha. Kwenye Mastodon na ndugu zake ujumbe huo haujafungwa njia nzima. Msimamizi wa seva yako anaweza kuusoma, na wa seva ya unayemwandikia pia. Mastodon yenyewe inakuonya hapo unapoandika. Mambo ya siri yapelekwe Signal. Seva hii ni baraza: mahali pa kusema hadharani kuhusu pesa za basari zilipoishia, zahanati isiyo na dawa, au samaki wanavyokufa kwenye vizimba ziwani. Mnong'ono una mahali pake.

Kuna wanaodhani wakiwa na seva yao sheria inabaki Facebook. La. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inaangalia ulichoandika, haiulizi programu gani. Na siku mnapoanza kuhifadhi habari za watu, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Imani ya mtu na asili yake ya kikabila zimo kwenye orodha ya data nyeti. Disiki ikivuja na watu wakawa hatarini, mna saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data. Afisa akija kutaka majina, mwombeni kwa adabu amri ya korti, muisome, na muite wakili kabla ya kugusa kibodi. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano yenu kama ya yeyote. Wakili huyo mjue namba yake kabla, si usiku ule.

Linalobaki ni nani ashike funguo. Nimesikia hoja kwamba apewe yule anayejua kompyuta sana. Mimi nasema kujua kompyuta kunafundishika kwa mwezi mmoja. Kunyamaza na ya watu kunamshinda mtu mzima wa miaka sitini. Mtafuteni ambaye mngemwachia amana ya pesa ya mazishi. Kisha wawe wawili, mmoja Migori na mwingine Homa Bay, na mmoja awe dada, manake anayetukanwa zaidi kwenye hii mitandao ni yeye na atajua mapema nini cha kuondoa. Jina la domeini lisajiliwe kwa kikundi, na barua pepe ya kikundi. Vijana wanahama, wanaenda Nairobi, wanaenda Saudia na Qatar kutafuta kazi, na domeini iliyolipiwa na simu ya mtu mmoja huisha muda siku ambayo hapatikani.

Kabla hamjatangaza popote, fanyeni jaribio moja. Chukueni nakala rudufu, mkodi seva ya pili kwa siku moja, mzime ya kwanza, mjaribu kuirudisha nakala kwenye ya pili huku yule fundi wenu akiwa amekaa kando bila kugusa chochote. Wa pili akiweza peke yake, tumeni mialiko.