Akishapasuliwa saratani ya utumbo, nani wa kumfuatilia Samburu?

Kovu la tumbo likipona, wengi huku Samburu (yetu ya Kwale, si ile ya kaskazini) huona yamekwisha. Mgonjwa ametolewa uvimbe wa utumbo mpana Mombasa, akapewa tarehe ya kurudi, akarejea kwa ng'ombe wake. Tarehe ikifika hana maumivu, na nauli ni pesa ya unga. Haendi.

Hesabu yake inaeleweka, ila hatari iko hapo. Saratani hii ikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, na hupenda kushika ini. Ini haliumi mapema. Macho yakigeuka manjano au tumbo likijaa maji, nafasi ya kupasuliwa tena kwa kawaida imepita. Ikionekana ingali doa moja au mawili, wako wanaopasuliwa wakapona.

Ndiyo maana madaktari hutaka ufuatiliaji wa miaka 5: kipimo cha damu cha CEA kila miezi 3 hadi 6 mwanzoni, picha za CT, na kamera ya utumbo baada ya mwaka. Tusidanganyane, vipimo hivi vina mipaka. CEA haipandi kwa kila mgonjwa, na CT huweza kukosa vivimbe vidogo kwenye utando wa tumbo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2014, wa wagonjwa 1,202, ulikuta waliofuatiliwa kwa CEA au CT walifikia upasuaji wa kuponya kwa asilimia 6.6 hadi 8, dhidi ya 2.3 kwa wasiofuatiliwa kwa karibu. Vifo, hata hivyo, havikupungua waziwazi.

Kwangu la kushika ni hili: CEA peke yake ilikaribia CT. Na CEA ni damu kwenye chupa tu. Itolewe Samburu, ipelekwe maabara Mombasa, kama sampuli za kupima wingi wa virusi vya Ukimwi zinavyosafirishwa miaka yote hii. Mgonjwa asafiri damu ikipanda, au zamu ya CT ikifika. Kumwambia aende Msambweni kwa sababu ndiko iliko hospitali ya rufaa ya kaunti ni kumpitisha mbali kuliko Mombasa.

Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. Waanze na daftari: nani alipasuliwa, lini, apimwe lini, na ni mhudumu yupi wa afya ya jamii, kati ya wale waliopewa mikoba 2023, atakayempigia hodi asipotokea.