Heri kujikwaa kidole: Nyakati za Kiingereza kazini

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kidole hupona kwa juma moja. Ulimi ukijikwaa ofisini waweza kukutoa kazini, na mimi nusura yanikute hayo.

Nilikuwa nimetoka chuo cha uanahabari, stashahada mkononi, nikapata kazi ya muda katika ofisi moja ndogo karibu na Moi Avenue, katikati ya jiji. Siku moja mkubwa wangu alipiga simu akiwa nje ya mji. Ilikuwa saa tisa alasiri, na bahasha ya zabuni ilipasa kumfikia mteja kabla ya saa kumi na moja. Aliniuliza kwa Kiingereza: "Haven't you sent the envelope?" Nami, nikiwaza kwa Kiswahili, nikajibu upesi: "Yes, sir."

Kichwani mwangu nilikuwa nimesema, "Ndiyo, sijaituma." Yeye akasikia, "Ndiyo, nimeituma." Akakata simu akiwa ameridhika. Nami nikakaa nikimngojea dereva, nikidhani mkubwa amenielewa na atamtuma aje kuichukua. Dereva hakuja. Saa kumi na moja ikapita bahasha ikiwa mezani pangu. Zabuni ikapotea, nami nikapewa barua ya onyo ambayo ninayo hadi leo.

Wasomaji kadhaa, hasa wanafunzi walio karibu kuanza kutafuta kazi, wameniomba niandike juu ya Kiingereza cha kazini. Wengi hudhani shida ni maneno magumu. La, hasha! Ofisini maneno magumu ni machache, na mengine utayafundishwa na kazi yenyewe. Shida ni kitenzi. Kazini watu huulizana mambo matatu mchana kutwa: limefanyika, linafanyika, au litafanyika? Fedha imelipwa, inalipwa, au italipwa? Ukikosea wakati wa kitenzi, hukukosea sarufi tu. Umetoa habari isiyo ya kweli.

Habari njema ni kwamba nyakati hizo tayari unazo katika Kiswahili chako. Kuna mahali zinakusaidia, na kuna mahali zinakuponza. Hebu tuzitazame moja baada ya nyingine.

SIJATUMA NA SIKUTUMA

Mama akimuuliza mwanawe kama amefua sare, mtoto akajibu "sijafua", mama anajua bado kuna tumaini. Akijibu "sikufua", mama anajua siku imepita na sare ni chafu. Hakuna aliyetufundisha tofauti hiyo ubaoni, tulinyonya nayo.

Basi Kiingereza nacho kina tofauti iyo hiyo. "I have not sent it yet" ni sijaituma, mlango ungali wazi. "I did not send it" ni sikuituma, mlango umefungwa. Mteja akikupigia simu kuulizia mzigo wake, ukamjibu "I did not send it", atadhani umekataa. Mwambie "I have not sent it yet", kisha mweleze utaupeleka lini.

Kumbuka pia kwamba baada ya "did" kitenzi hurudi katika umbo lake la kwanza. Si "I didn't sent", wala "I didn't went". Ni "I didn't send" na "I didn't go". Neno "did" limekwisha kubeba mzigo wa wakati uliopita. Usimbebeshe na mwenzake.

Na lile kosa langu la bahasha? Kiswahili chetu hujibu swali la kukana kwa kukubaliana na msemaji: "Hujaituma?" "Ndiyo, sijaituma." Kiingereza hufuata kitenzi, hakimfuati msemaji. Kama hujatuma, ni "No, I haven't." Kama umetuma, ni "Yes, I have." Tangu siku ile nimejiwekea sheria: siachi "yes" ikisimama peke yake. Huikamilisha kwa kitenzi chake, na kama kuna fedha ndani yake, huongeza na saa.

NIMEFANYA NA NILIFANYA

Jirani yetu huko Kangemi, muuza mitumba sokoni, ana binti aliyekuwa keshia katika duka moja la mjini kwa miaka miwili. Duka likafungwa. Baada ya miezi mingi ya kumsaidia baba yake kupanga nguo, aliitwa kwenye mahojiano ya kazi katika ofisi moja Westlands. Aliporudi jioni, alikuja kwangu moja kwa moja.

"Anti," akaniambia, "wameniona mwongo."

Nikamkalisha, nikampa chai, nikamtaka anieleze neno kwa neno. Walimuuliza anafanya nini wakati huu. Akajibu: "I am working in a shop in town for two years." Basi wakamtaka alete barua kutoka kwa mwajiri wake wa sasa. Akashangaa, akasema: "The shop is closed last year." Wale wa jopo wakatazamana. Mtu anafanyaje kazi leo katika duka lililofungwa mwaka jana? Hawakumpigia simu tena.

Msomaji, binti huyo hakudanganya hata nukta moja. Alichosema ni Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza. Sisi tukisema "nimefanya kazi dukani miaka miwili", msikilizaji hajui kama bado tuko huko au tulitoka. Tunamwachia aulize. Kiingereza hakimwachii. "I worked in a shop for two years" maana yake ni kwamba mambo yamekwisha. "I have worked in a shop for two years", kwa swali kama lile aliloulizwa, humfanya msikilizaji aelewe kwamba ungali huko. Na huwezi kusema "I am working here since 2019", hata kama kwa Kiswahili twasema "ninafanya kazi hapa tangu 2019". Sema "I have worked here since 2019" au "I have been working here since 2019".

Kanuni ya kukumbuka ni moja. Ukitaja wakati uliokwisha, kama jana, juma lililopita au 2021, weka mbali "have" na utumie wakati uliopita. "I have paid" ni sawa. "I paid yesterday" ni sawa. "I have paid yesterday" si sawa. Hata Kiswahili sanifu hutaka useme "nililipa jana".

Mtego mwingine ni -me- ya hali. Twasema nimechoka, nimeelewa, amevaa suti, amesimama mlangoni. Hapa hatusimulii tendo lililopita, twaeleza hali ilivyo sasa. Kwa Kiingereza ni "I am tired", "I understand", "he is wearing a suit", "he is standing at the door". Usione haya ikikutatiza. Waingereza wenyewe ilikuwa ikiwatatiza walipojifunza lugha yetu. E. O. Ashton, aliyeandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili kilichochapishwa 1944 na kutumiwa kwa miaka mingi, ilimbidi awaeleze wasomaji wake kwamba -me- yaweza kuonyesha tendo lililokamilika na pia hali iliyotokana na tendo hilo.

NINAFANYA, HUFANYA, NA "NAKUJA"

Kiambishi -na- hufanya kazi mbili. "Ninafanya kazi Westlands" yaweza kuwa kila siku, au yaweza kuwa leo tu. Shuleni tulifundishwa hu- ya mazoea: mimi hufanya kazi Westlands. Itumie hiyo kama mizani yako. Kila panapofaa hu-, Kiingereza hutaka "I work". Pasipofaa, kwa kuwa jambo linatendeka sasa hivi, ni "I am working".

Vipo pia vitenzi ambavyo kwa kawaida havipendi "-ing": kujua, kutaka, kuhitaji, kuwa na mali au watoto. Si "I am knowing the manager" wala "I am having two children". Ni "I know the manager" na "I have two children". Lakini "I am having lunch" ni sawa, kwa kuwa hapo unakula, humiliki.

Na lipo lile la Nairobi. Karani anainuka kitini, anamwambia mgeni "I am coming", kisha anaondoka zake! Sisi twaelewa kwamba atarudi. Mgeni wa ng'ambo atabaki akiduwaa. Mwambie "I will be right back."

NIKIMALIZA

Hapa napo ofisi nyingi hujikwaa. "Nikimaliza nitakupigia" kwa Kiingereza ni "When I finish, I will call you." Si "When I will finish". Ile -ki- yetu haina -ta- ndani yake, na "when" ya namna hiyo haitaki "will". Ukiifuata -ki- hutapotea.

MAZOEZI BILA KARO

Yule binti tulimwekea zoezi la majuma matatu. Hatukununua kitabu. Asubuhi tulikuwa tukipanda matatu pamoja kutoka Kangemi kwenda mjini, yeye akiteremka Westlands kupeleka barua za maombi. Tuliteua kitenzi kimoja na kukipitisha katika nyakati zote kabla ya kufika. Siku ya kwanza tulianza na makanga:

"The tout is shouting. He shouts every morning. He has been shouting since Kangemi. He shouted at me yesterday. He will shout again when we reach Westlands."

Abiria wa kiti cha nyuma alicheka hadi akaingilia na sentensi yake mwenyewe. Kesho yake ikawa kitenzi "pay", kesho kutwa "send". Jioni tulicheza maigizo ya ofisi, mimi nikiwa mteja mkali na yeye karani:

MTEJA: Good morning. Have you received our cheque?

KARANI: Good morning, madam. No, we haven't received it yet. When did you send it?

MTEJA: I sent it last Thursday.

KARANI: Thank you. I am checking the register now. When I find it, I will call you.

Tazama karani alivyofanya. Kwa maneno machache amemweleza mteja lililofanyika, linalofanyika na litakalofanyika. Hakuna neno gumu hata moja. Mtu wa darasa la nane aweza kuyasema, na meneja hana la kuongeza.

Leo Jumapili, baada ya chakula, jaribuni nyumbani. Baba awe mteja, watoto wawe makarani. Tafsirini sentensi hizi tano kabla ya kutazama majibu:

1. Sijapokea ankara yenu.
2. Tulilipa Ijumaa iliyopita.
3. Nimeelewa, bwana.
4. Mzigo ukifika, nitakujulisha.
5. Amefanya kazi hapa tangu 2019, na bado yupo.

Majibu: 1. "I have not received your invoice yet." 2. "We paid last Friday." 3. "I understand, sir." 4. "When the parcel arrives, I will let you know." 5. "She has worked here since 2019."

Kabla sijafunga ukurasa, nina neno kwa waajiri. Katiba ya 2010 imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi za nchi hii. Kijana akikuchanganyia nyakati, usimwandike mwongo. Muulize mara ya pili, hata kwa Kiswahili, umsikie. Wale wa Westlands walimkosa keshia ambaye hesabu zake hazikuwahi kupungua shilingi kwa miaka miwili.

Binti mwenyewe aliitwa kwingine mwezi uliofuata, mjini. Swali lilikuwa lile lile. Safari hii akajibu: "I worked in a shop in town for two years. It closed last year. Since then I have been helping my father in his business."

Ni sentensi tatu, na kila moja imekaa katika wakati wake. Wakamwelewa. Wakampa miezi mitatu ya majaribio, na sasa ana mwezi wa pili kazini. Juzi amenipigia simu, nikamuuliza kwa utani: "Haven't they confirmed you?"

"No, anti, they haven't," akanijibu bila kusita. "Not yet."

Nikatabasamu peke yangu. Laiti ningelijibu hivyo siku ile ya bahasha.

Hadi Jumapili ijayo, msomaji, kwaheri ya kuonana.