Asiyefunzwa na Mamaye: Je, Nyumba Yaweza Kuwa Shule?

Suala la wazazi Wakristo wanaoamua kuwafundishia watoto wao nyumbani limekuwa likizungumzwa kwa sauti ya chini katika sehemu za magharibi mwa nchi hii. Sababu ya kunong'ona ni wazi. Mzazi afanyaye hivyo yumo katika hatari ya kufikishwa mahakamani. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamtaka kila mzazi ahakikishe kwamba mtoto wake anahudhuria shule bila kukosa. Anayekiuka sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili.

Mwaka 2019 wazazi wawili, mmoja wao akiwa amekamatwa katika Kaunti ya Kakamega kwa kosa hili hili, walikwenda Mahakama Kuu kudai kwamba sheria hiyo inawanyima haki walizopewa na Katiba. Mwaka 2021 mahakama ililikataa ombi lao. Wengi walidhani kwamba mjadala ulikuwa umefungwa. Kilichofungwa ni mlango wa mahakama tu. Milango ya nyumba zenyewe ingali wazi, na ndani yake watoto wanaendelea kusomeshwa.

Hivi majuzi nilipata nafasi ya kukaa siku nzima katika boma moja huko Kabuchai, Kaunti ya Bungoma, si mbali na soko la Chwele. Sitaitaja familia hiyo, na msomaji anajua ni kwa nini. Mwanafunzi ni mmoja tu, msichana wa miaka sita. Mwalimu ni mama yake, aliyehitimu kidato cha nne. Baba ni fundi wa pikipiki.

Saa moja na nusu asubuhi, baada ya ng'ombe kukamwa na uji kunywewa, mama na mtoto waliketi mezani. Waliimba wimbo mmoja, wakaomba, kisha mama akasoma katika Biblia habari za mtoto Musa alivyofichwa ndani ya kisafina kando ya mto. Mtoto akauliza, "Mama, yule dada yake aliyekuwa akimlinda, hakuogopa?" Somo likasimama hapo. Wakazungumza juu ya woga na ujasiri, wakautafuta Mto Naili katika ramani, kisha mama akamkumbusha matete waliyoyaona kando ya Mto Kuywa. Hapakuwa na kengele ya kuwakata kauli.

Baada ya hayo zikafuata silabi na sentensi fupi za Kiswahili, halafu hesabu kwa maharagwe yaliyopangwa kumi kumi juu ya meza. Kufikia saa tatu na nusu kazi ya mezani ilikuwa imekwisha. Kutwa iliyobaki ilikuwa ya bustani, kuku, na vitendawili vya nyanya, ambaye mtoto humwita kukhu kwa Kibukusu. Nilichokiona kilinipendeza, na sitajifanya kwamba hakikunipendeza. Mtoto wa umri ule hawezi kukaa kitako akisikiliza kwa saa saba. Saa mbili za mwalimu asiye na mwanafunzi mwingine zaweza kumfaa kuliko siku nzima katika darasa la watoto themanini.

Lakini saa kumi jioni nililiona jambo jingine. Watoto wa jirani walipita njiani wakitoka shule huku wakiimba wimbo wa shule yao. Yule msichana alikwenda uani, akashika ua kwa mikono miwili, akauimba pamoja nao neno kwa neno mpaka walipopotea konani. Nilimtazama mama yake. "Mwalimu," akaniambia, "huo ndio wimbo unaoniumiza." Kisha akaongeza, bila mimi kumwuliza: "Kusoma nitamfundisha. Lakini akifika gredi ya saba, maabara nitaitoa wapi? Na mtihani ataufanyia wapi?"

Nadhani maswali hayo ya mama yana uzito kuliko mengi yaliyosemwa na pande zote mbili. Wanaotetea elimu ya nyumbani hupenda methali isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Wanaoipinga hujibu kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali zote mbili ni za kweli, na mtoto wa Kabuchai anazihitaji zote mbili.

Historia nayo ina funzo. Kanisa la Marafiki lilipoingia Kaimosi mwaka 1902, na baadaye Wakatoliki na Marafiki walipojenga vituo katika nchi ya Wabukusu, dini na shule vilikuja pamoja. Kusoma na kuwa Mkristo vilikuwa karibu jambo moja. Mkristo aliitwa msomi. Majina kama Lugulu, Kamusinga na Kibabii yanashuhudia hivyo hadi leo. Wazee waliobaki nje ndio waliosema kwamba mtoto afunzwe nyumbani. Leo mambo yamegeuka. Ni wajukuu wa wasomi wale wanaowaondoa watoto shuleni kwa ajili ya dini ile ile iliyowapeleka. Hatuna budi kujiuliza ni nini kilichoharibika katikati.

Yaliyoharibika ni mengi. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure mwaka 2003, zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka madarasani, lakini walimu na vyumba havikuongezeka kwa kiasi hicho. Tafiti za shirika la Uwezo, zilizoanza mwaka 2009, zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Mwezi Februari 2020 watoto zaidi ya kumi walikufa katika msongamano wa ngazini katika shule ya msingi mjini Kakamega. Septemba 2024 wavulana 21 waliteketea bwenini huko Nyeri. Mzazi anayeogopa hawezi kuambiwa kwamba anaota ndoto. Huenda dini ndiyo anayoitaja kwanza, lakini nyuma ya dini mara nyingi pana hofu, na hofu hiyo ina msingi.

Hata hivyo, hofu ya mzazi si mtaala. Tulijifunza hivyo sote shule zilipofungwa Machi 2020 na kubaki zimefungwa kwa wanafunzi wengi hadi Januari 2021. Kwa miezi ile kila nyumba ya Kenya ililazimika kuwa shule. Nyumba zenye vitabu, umeme na mzazi aliyesoma zilisonga mbele. Nyumba zisizo na vitu hivyo zilirudi nyuma, na wasichana wengine hawakurudi darasani tena. Kwa hiyo anayesema kwamba elimu ya nyumbani yafaa, aseme pia yamfaa mtoto wa nani. Yule mama wa Kabuchai anaweza. Jirani yake anayepalilia miwa ya watu kuanzia alfajiri hawezi, hata akiwa na imani ya kuhamisha milima. Na pale ambapo hakuna jicho la nje, nitajuaje tofauti kati ya mtoto anayefundishwa nyumbani na mtoto aliyefichwa nyumbani ili achunge ng'ombe au alee wadogo zake? Sheria ya mwaka 2013 ilitungwa kwa ajili ya huyo wa pili, na ni haki itungwe.

Kosa la sheria ni kuwatendea watoto hao wawili kana kwamba ni mmoja. Lakini kifungu hicho hicho cha 30 kinaruhusu mtoto ahudhurie shule "au taasisi nyingine" itakayoidhinishwa na Waziri. Hapo pana dirisha. Tena sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inatambua mafunzo ya nyumbani kwa wale wasioweza kufika shuleni. Basi fikra yenyewe si ngeni kwa Wizara. Afrika Kusini iliruhusu elimu ya nyumbani kwa usajili katika sheria yake ya shule ya mwaka 1996, na mwaka 2024 ikaimarisha masharti ya usajili na upimaji. Haikuipiga marufuku, wala haikuwaacha wazazi wafanye wapendavyo.

Nasi tungeweza kufanya vivyo hivyo. Familia isajiliwe katika shule iliyo karibu. Mtoto apewe namba yake ya mwanafunzi na apimwe kila muhula kusoma, kuandika na hesabu. Aruhusiwe kucheza na kuimba na wenzake siku fulani za juma, na kutumia maabara wakati wake ukifika. Akionekana anarudi nyuma, arejeshwe darasani. Mzazi anayeamini kwamba anamfunza mtoto wake vyema hana sababu ya kumwogopa mwalimu anayekuja kumsikiliza mtoto huyo akisoma.

Kwenu walimu, nawasihi msiwadharau wazazi hawa. Ulizeni ni nini walichokikimbia darasani mwenu, hata kama jibu litauma. Nanyi wanafunzi wa vyuo vya ualimu, mtakapopewa darasa la watoto themanini, kumbukeni swali la yule mtoto kuhusu dada yake Musa, mjiulize kama katika darasa lenu lingepata nafasi ya kuulizwa.

Mzazi yule anastahili mshauri, si pingu. Na binti yake anastahili kuuimba wimbo ule akiwa upande wa pili wa ua, pamoja na wenzake, bila kuyapoteza maharagwe na ramani vilivyo juu ya meza ya mamaye.