Kamanda, unajuaje?

Makamanda, kuna mwanachuo yuko likizo hapa Bariadi, kaniambia falsafa ni kukariri majina ya Wagiriki, ukishafaulu mtihani unasahau. Nikamwambia hapana, mdogo wangu. Huku kwetu Simiyu watu wamekufa kwa kukosa swali moja tu la falsafa.

Swali lenyewe ni fupi: unajuaje?

Usukumani vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu. Mekundu kwa nini? Moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, miaka hamsini jikoni! Mganga kapiga ramli, ukoo umenyamaza, bibi kafa. Hakuna aliyemuuliza mganga anajuaje. Na hapo hapo kuna swali la pili: huyu bibi ni mtu kamili, au ni kizuizi kwenye shamba la urithi? Katiba ya 1977, Ibara ya 12, ilishajibu kwamba binadamu wote ni sawa. Ila kwa mganga haisomwi.

Msiniambie kuhoji ni uzungu. Mkenya Henry Odera Oruka alihoji wazee wa vijijini na kutoa kitabu mwaka 1990. Alitofautisha mzee anayeijua mila na mzee anayeipima kwa akili yake. Huyo wa pili ndiye aliyemhesabu mwanafalsafa. Wazee wa namna hiyo wapo Itilima, wapo Meatu. Likizo hii kaeni nao.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo panauma. Mwaka 399 KK, Socrates alihukumiwa kifo kule Athene, akanywa sumu. Shtaka mojawapo: kuharibu vijana (shtaka hilo tunalijua, si ndiyo?). Lakini hakuhukumiwa na dikteta. Ni raia wa kawaida, wapenda demokrasia kama sisi, walipiga kura wakamtia hatiani.

Majuzi kwenye grupu letu la WhatsApp tulikuwa tunapiga kelele kwamba tuliibiwa kura. Kijana mmoja akauliza: nakala za fomu za matokeo za kata yetu, mawakala wetu wanazo? Hakujibiwa. Aliitwa chawa, akaitwa pandikizi, dakika tano nyingi akatolewa. Nami nilikuwepo, nikakaa kimya kama ule ukoo.

Admini, mrudishe yule kijana. Na mwenye fomu azilete.