Programu huria: mjadala wa jina

Programu huria ni programu za kompyuta ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzitumia kwa kazi yoyote, kuchunguza msimbo wake, kuubadilisha, na kuwagawia wengine nakala pamoja na mabadiliko aliyoyafanya. Mifano yake ni Linux, LibreOffice na Firefox. Kwa Kiswahili huitwa pia "programu huru", "programu za chanzo wazi" na, mara nyingi mno, "programu za bure". Majina haya hayana maana moja.

Asili ya ubishi

Ubishi ulianzia katika Kiingereza. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1985 akaanzisha shirika la Free Software Foundation. Neno "free" lilimsumbua tangu mwanzo, maana Waingereza hulitumia kwa kitu kisicholipiwa na pia kwa kitu kisichofungwa. Februari 1998 Christine Peterson alipendekeza jina "open source", yaani chanzo wazi, na mwezi huohuo Eric Raymond na Bruce Perens wakaanzisha Open Source Initiative. Stallman alilikataa jina hilo kwa kuwa halitaji uhuru. Kuna na ubishi mwingine, kama mfumo uitwe Linux au GNU/Linux, ambao haumgusi sana msomaji wa Kiswahili.

Bure si huru

Kiswahili hakina shida ya Stallman: "bure" ni neno moja na "huru" ni lingine. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, huko Kalemie na Uvira, waliosoma kwa Kifaransa nao hutenganisha "gratuit" na "libre". Inashangaza basi kwamba wengi wetu tulichukua neno lisilofaa wakati linalofaa lilikuwepo.

"Bure" lina kasoro mbili. Kwanza, lina maana ya kitu kisicho na faida, kama katika "kazi bure". Shule ikiambiwa imeletewa programu za bure huzipokea kama sadaka, na sadaka haihojiwi. Pili, neno hili linachanganya programu huria na nakala ya wizi. Mjini Kigoma, kama katika miji mingine nchini, wapo mafundi wanaompigia mteja Windows kutoka kwenye flashi kwa ada ndogo, bila leseni. Mteja huona amepata programu bure, kwa kuwa mwenye programu hakulipwa kitu. Lakini programu hiyo imefungwa: haruhusiwi kuigawa, na msimbo wake hauoni.

"Huru" ni neno zito zaidi, na Ujiji ni mahali pazuri pa kulipima. Katika mji uliokuwa kituo cha misafara ya pembe za ndovu na watumwa, huru alikuwa mtu asiye mtumwa, bei haikuhusika. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Neno hilo linauliza nani ana amri juu ya nani, na leseni ya programu inajibu swali hilohilo kuhusu mtumiaji na mtengenezaji.

Faida yake ilionekana mwaka 2004. Mradi wa Kilinux, uliokishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice.org kwa Kiswahili. Watafsiri hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa leseni ilikwisha kuitoa. Microsoft nayo ilileta Kiswahili baadaye, ila kwa uamuzi wake yenyewe.

Huria si lazima iwe bure. Mfumo wa DHIS2, ulioanzia Chuo Kikuu cha Oslo, hukusanya takwimu za afya za Tanzania, zikiwemo za zahanati za mwambao wa Kigoma. Seva, mafunzo na mishahara ya wataalamu vyote vinagharimu fedha. Hata hivyo wataalamu wa Dar es Salaam wanaweza kuufungua na kuurekebisha.

Huria au wazi?

"Huria", lenye asili ya Kiarabu kama "huru", linafaa zaidi kuwa istilahi, kwa kuwa tayari linabeba maana za pande zote mbili. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa Kiingereza huitwa "open". Soko huria huitwa "free". Wanaolipinga husema linakumbusha miaka ya soko huria, ambapo kila mtu alishika lake. Hoja hiyo ina uzito, lakini "wazi" lina hatari kubwa zaidi. Duka likiwa wazi haina maana kwamba mteja anaweza kupanga upya rafu zake.

Hatari hiyo imejitokeza katika akili mnemba. Kampuni ya Meta huiita mifumo yake ya Llama "open source", ingawa leseni yake inazitaka kampuni zenye watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi kuomba kibali. Open Source Initiative, iliyotoa fasili yake ya akili mnemba ya aina hiyo Oktoba 2024, inasema Llama haistahili jina hilo. Kwa Kiswahili mtu anaweza kuiita Llama "wazi" asiwe amedanganya. Kuiita "huria" hawezi.