Daftari la Wiki: Msokonoi na Gome Lake

Anayetafuna gome la msokonoi huanza kwa uchungu, kisha ukali wa pilipili humpanda ulimini na kukaa. Wamaasai huuita osokonoi, Wakikuyu muthiga. Kenya, Uganda na kaskazini mwa Tanzania, gome hilo hutafunwa au huchemshwa kutuliza kikohozi, jino na tumbo.

Gome hai la mti huu lina seli za mafuta zilizotawanyika, na wakemia wamechuja humo kampaundi za jamii ya seskwiterpeni, zenye atomi 15 za kaboni. Mbili maarufu ni polygodial na warburganal. Kila moja ina vikundi viwili vya aldehidi vilivyokaa jirani, vyepesi kushikana na protini. Polygodial huamsha kipokezi kilekile cha neva kinachoamshwa na haradali.

Viwavijeshi nao hawaustahimili ukali huo. Mwaka 1976 Isao Kubo, Koji Nakanishi na wenzao walitangaza kwamba warburganal huwafanya wadudu hao, adui wakubwa wa mahindi na mtama, wakatae kula. Mti unajitibu kabla ya kumtibu mtu.

Lakini gome hilohilo ndilo njia ya chakula cha mti. Nje kuna ngozi ya seli zilizokufa. Ndani yake kuna floemu, inayoteremsha sukari kutoka kwenye majani hadi mizizini, halafu kambiamu, utando mwembamba unaozaa seli mpya. Anayebandua gome kuuzunguka mti mzima huikata njia hiyo. Maji bado hupanda kupitia mbao, hivyo majani yanaweza kubaki mabichi kwa muda na kumdanganya mpitanjia, huku mizizi ikifa njaa.

Mti mwingine, Prunus africana, muiri kwa Wakikuyu, umelipia gharama hiyo. Gome lake lilipogeuka dawa ya tezi dume Ulaya, misitu ya Kameruni ilivamiwa, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Wavunaji waangalifu hubandua robo mbili zinazotazamana na kuacha kambiamu bila jeraha, ili gome liote tena.

Kwa msokonoi ipo njia ya upole zaidi, nayo inastahili kufundishwa kwa kila mchuuzi wa dawa za asili: majani. Nayo yana ukali, na utafiti wa Afrika Kusini kuhusu nduguye, Warburgia salutaris, umependekeza yatumike badala ya gome. Tawi likichumwa huchipua; shina lililovuliwa gome lote halichipui hivyo.